Wiki Wapishi Walipoingia Kundi la Wakuu

Wewe uliyekabidhiwa mfumo wiki hii, sogea karibu, na kwanza ondoa mkono kwenye kipanya. Najua umekwisha kuona pale pembeni palipoandikwa Kanuni za Makundi. Najua pia kidole kinakuwasha, kwa sababu kanuni ni kitu kizuri: unaiandika mara moja, halafu inafanya kazi wewe ukiwa unakunywa chai. Mimi nimekunywa chai nyingi sana kwa hisani ya kanuni. Ninachotaka kukusimulia ni wiki moja ambayo chai hiyo sikuinywa.

Nimestaafu sasa. Nakaa Kinyinya, ambako kila jirani anajenga na hakuna anayemaliza, kwa hiyo nikizungumza kwa sauti ya juu usidhani nakugombeza. Kwa miaka mingi nilikuwa msimamizi wa mifumo katika kampuni moja ya chakula kule Kanombe. Tulikuwa tunapikia shule, ofisi na mikutano. Kulikuwa na jiko, stoo, magari na ofisi, na kila aliyekuwa na kazi pale alikuwa na akaunti niliyoifungua mimi. Watu waliniita Mama Keza. Ukimweleza mtu harusini kwamba wewe ni msimamizi wa mifumo, anatoa simu yake mfukoni na kukuuliza kwa nini haishiki chaji. Zoea. Nimeshawahi kutengeneza simu ya bwana harusi.

Tuanze na kundi ni nini, maana nimeona watu wenye vyeti vikubwa wakilikwepa swali hili. Dereva mpya akiajiriwa anahitaji vitu: barua pepe za idara yake, ukurasa wa ratiba ya magari, kadi inayofungua geti la nyuma. Zamani nilimpa kimoja kimoja kwa mkono. Akija dereva wa pili, naanza upya. Akiacha kazi, namnyang'anya kimoja kimoja, na kila mara kuna kimoja nasahau. Kuna dereva aliyeondoka kwetu akafungua duka lake, na bado kadi yake ilikuwa inafungua geti letu. Alikuwa mtu mwema, alitujulisha mwenyewe.

Kundi linaondoa adha hiyo. Unalipatia kundi la Madereva ruhusa zote, halafu unamweka mtu ndani ya kundi. Kanuni inakwenda hatua moja zaidi: hata kumweka humweki wewe. Unaandika, "Yeyote ambaye idara yake ni Usafiri, aingie kundi la Madereva," na mfumo unazunguka wenyewe kila asubuhi, unasoma taarifa za kila mtu, unaingiza na kutoa. Angalia neno hilo la mwisho. Watu wengi wakifundishwa kanuni wanasikia kuingiza tu.

Aliyenifundisha mimi ni Mzee Anaclet. Alisoma kwa Kifaransa, aliongea nami kwa Kiswahili kwa sababu nilikulia Ngara, na kompyuta aliitukana kwa Kinyarwanda. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na desturi moja: kila kanuni ilibidi uisome kwa sauti, kama sentensi, ukianza na neno "Yeyote".

"Kama huwezi kuisoma mbele ya mama mkwe wako akaielewa," alikuwa akisema, "usiiwashe."

Nilimwambia mama mkwe wangu anaishi Rusumo. Akasema basi nimpigie simu.

Nakupa mfano wa kile Anaclet alichokuwa anapigana nacho. Kulikuwa na kanuni ya idara ya Lojistiki. Asubuhi moja nusu ya watu wa idara hiyo hawakuweza kuingia kwenye ratiba. Nikaenda kuangalia. Karani aliyewaandikisha aliandika kama alivyosikia, na wewe unajua hapa kwetu L na R zinavyobadilishana viti. Nusu walikuwa Lojistiki, nusu Rojistiki. Mimi na wewe tukisikia Rojistiki tunaelewa na maongezi yanaendelea. Kanuni haina masikio. Kwake hizo ni idara mbili, na moja haijawahi kuisikia.

Nikapendekeza tuandike kanuni ya pili, ya Rojistiki. Anaclet akakubali, kwa upole uliopaswa kunitisha. Wiki iliyofuata akaja mmoja wa Logistique. Halafu mmoja wa Logistics, aliyetoka Nairobi. Anaclet akaniuliza, "Tukifika Rogistiki utaniambia? Siku hiyo nataka kustaafu." Ndipo nilipoenda kwa watu wa utumishi kuwaomba wasiandike tena jina la idara kwa mkono, wachague kwenye orodha iliyopo. Tangu siku hiyo Lojistiki ikawa moja. Kwa hiyo chukua hilo: kanuni isisome kitu ambacho mtu amekichapa kwa vidole vyake, kama kuna njia nyingine yoyote.

Sasa, Anaclet mwenyewe alikuwa na kanuni yake moja aliyoipenda. Aliiandika kabla sijaajiriwa. Nikiisoma kwa sauti inakwenda hivi: "Yeyote ambaye cheo chake kinaanza na neno Chef, aingie kundi la Wakuu."

Unacheka kwa sababu umesoma Kiingereza, ambako chef ni mpishi. Subiri. Kampuni ilianza na watu wa Kifaransa, na kwa Kifaransa chef ni mkuu. Mkuu wa stoo alikuwa Chef de dépôt, mkuu wa magari alikuwa Chef de garage. Wapishi wetu waliitwa cuisinier, na hakuna cuisinier aliyewahi kuingia kundi la Wakuu kwa bahati mbaya. Kanuni ile ilifanya kazi miaka yote bila kuguswa. Anaclet alistaafu akaiacha inafanya kazi. Mimi niliirithi kama mtu anavyorithi kabati.

Halafu akaja Madamu Winnie, mkuu mpya wa utumishi, amekulia Kampala, mchapakazi, na alikuwa na hoja. Nusu ya vyeo vyetu vilikuwa vya Kifaransa, nusu vya Kiingereza, na kimoja nakumbuka kilikuwa na vyote viwili na nukta katikati. Akaamua vyeo vyote viwe vya Kiingereza. Ijumaa moja akakaa, akavibadilisha, akaenda nyumbani kwa amani. Cuisinier wote wakawa Chef: huyu Head Chef, huyu Chef wa keki, huyu Chef msaidizi. Hapana, nisahihishe, mpishi mkuu wetu Moses hakutaka neno Head. Alisema Chef peke yake linatosha, asiyejua ataonja. Wakuu wa idara nao wakawa Head of hiki, Head of kile.

Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Winnie alifanya kazi yake. Kanuni nayo ilifanya kazi yake. Jumamosi asubuhi ilizunguka kama kawaida, ikasoma vyeo, ikaingiza kila Chef kwenye kundi la Wakuu, na ikatoa kila ambaye si Chef.

Jumatatu saa ya mkutano wa wakuu, mkurugenzi aliingia ukumbini akakuta wapishi wamekaa, kofia nyeupe mezani, madaftari yamefunguliwa. Walikuwa wamealikwa na mfumo. Walikuja na keki. Mkurugenzi alidhani wameleta chai, akawashukuru na kusubiri watoke. Hawakutoka. Wakuu wa idara wakaanza kuingia mmoja mmoja wakiwa wamechelewa kama siku zote, maana mkutano ule waliujua kwa kichwa na hawakuhitaji mwaliko, na hawakupata viti. Ilikuwa mara ya kwanza mkutano ule kuanza kwa wakati.

Wakuu wenye sauti walikuwa ofisini kwangu kabla keki haijaisha. Mkuu wa magari alisema hawezi kufungua maombi ya likizo. Mkuu wa fedha hakusema, alipiga meza. Nikawarudisha kwa mkono, nikawatoa wapishi kwa mkono, nikaona mambo yamekwisha. Jumanne asubuhi kanuni ikazunguka, ikanifutia kazi yangu yote, na wapishi wakawa wakuu tena. Kanuni haichoki na haikumbuki jana ulisema nini. Ukimtoa mtu kwa mkono huku kanuni bado imewashwa, unachota maji kwa kikapu, na kikapu chenyewe ni chako.

Nikampigia Anaclet.

"Kanuni yako imeharibika, mzee."

"Inasema nini?"

Nikaisoma kwa sauti.

"Hiyo ni nzima," akasema. "Nyinyi ndio mmehama." Akaniuliza hali ya watoto, akakata.

Nikaizima ile kanuni. Nikakubaliana na Winnie kwamba mpya itasoma daraja la mtu, ile namba ya utumishi ambayo haina Kifaransa wala Kiingereza ndani yake, na akaanza kuzijaza. Wakati huo nikarekebisha kwa mkono tena: waliolalamika nikawaingiza, wapishi nikawatoa. Wote walitoka isipokuwa Moses. Kila nikimtoa mfumo unakataa, unasema ana kazi iliyo wazi mkononi. Nikadhani ni ombi la likizo la mtu, nitalishughulikia.

Alhamisi akaja Vestine.

Vestine alikuwa mtunza stoo, bado kwenye kipindi cha majaribio. Aliacha kazi ya duka Kagugu kuja kwetu, na alikuwa analea wadogo zake wawili. Ilikuwa kazi yake ya kwanza yenye mkataba na bima. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie.

"Mama, samahani. Mimi niko na shida kidogo."

"Kaa useme."

"Majaribio yangu inaisha kesho. Nimeambiwa kama tathmini haijatumwa kesho jioni, mkataba inaisha yenyewe. Nimeangalia iko wapi." Akakaa ukingoni mwa kiti. "Iko kwa Chef Moses."

Nikamwambia haiwezekani, nikageuza skrini, nikaangalia. Ilikuwa kwa Chef Moses. Ile ndiyo kazi iliyokuwa wazi mkononi mwake. Tathmini ya majaribio ilikuwa inakwenda yenyewe kwa mkuu aliye katika jengo moja na mfanyakazi. Stoo na jiko ni jengo moja. Jumatatu, tathmini ilipotoka, wakuu pekee ambao mfumo uliwaona katika jengo lile walikuwa wapishi, na Moses ndiye aliyekuwa juu yao. Naye aliifungua, na ikishafunguliwa inabaki ya aliyeifungua mpaka aitume au airudishe. Mimi mwenyewe siwezi kuichukua. Niliomba iwekwe hivyo, ili mtu wa kompyuta asiweze kugusa tathmini za watu. Bado naona niliomba vizuri.

"Mama," akasema Vestine, "Chef hanipendi."

"Kwa nini?"

"Mafuta."

Nikaenda jikoni. Moses ni mtu mkubwa mwenye sauti kubwa, naye pia amekulia Kampala na amesomea upishi huko. Nilimkuta anaonja mchuzi. Kila mwanamke anamwita nyabo, yaani mama, kwa lugha ya huko.

"Karibu, nyabo. Umekuja kula au umekuja kuninyang'anya ukubwa?"

"Nimekuja kuuliza tathmini ya Vestine."

"Aa." Akaweka kijiko. "Hiyo nimeianza. Nataka kuifanya vizuri, nimpe haki yake. Ushirikiano nimempa moja kwa tano. Nilitafuta sifuri, haiko. Mwambie mtu wa kompyuta aweke sifuri."

"Mtu wa kompyuta ni mimi."

"Basi weka."

"Chef, usisahau vitunguu!" akapaza sauti mmoja kutoka kwenye masinki.

"Vitunguu viko kwenye maoni," Moses akajibu bila kugeuka. Halafu akanigeukia. "Nyabo, sikiliza. Sufuria iko moto, watu wa mkutano wamekaa, mimi nakimbia stoo nataka mafuta. Msichana ananiangalia, ananiambia, 'Chef, karatasi iko wapi?' Karatasi! Mimi natafuta kalamu, kitunguu kinaungua. Na nikileta karatasi anapima. Anapima mafuta kama dawa ya mtoto."

"Lakini wewe si mkuu wake."

"Kompyuta inasema mimi ndiye. Na siku ya semina ulitufundisha nini? Kompyuta haidanganyi."

Nilisema hivyo kweli. Sikujua kama kuna mtu alikuwa anasikiliza.

Ningeweza kumwamuru, au kumpeleka kwa Winnie. Lakini mtu aliyepewa kitu na mfumo bila kuambiwa ni kitu gani ana haki ya kuelezwa, na kueleza ndiyo kazi pekee ninayoijua. Nikavuta kiti.

"Acha nikueleze kundi la Wakuu ni nini. Umeona yale unayoweza kufungua. Sasa kuna yale yanayokufunga wewe. Friji la stoo likipata joto siku ya mapumziko, kengele inapiga simu kwa mkuu wa jengo. Jumapili simu yako haikuita?"

Moses akafikiri. "Iliita namba siijui. Nikadhani ni watu wa kuuza vifurushi. Nikakata."

"Lilikuwa friji la samaki."

Moses akapunguza moto.

"Mlinzi akaita fundi, samaki wako salama," nikasema. "Halafu kuna ripoti ya mwisho wa mwezi. Kuna kuongoza kikundi cha kampuni siku ya umuganda, watu wote wakitoka kusafisha mtaa, kuhesabu majembe na kuhakikisha yamerudi. Kuna maombi ya likizo, na kila unayemkatalia unakutana naye kesho asubuhi. Kuna mkutano kila Jumatatu."

"Ule wa keki?"

"Keki mlileta nyinyi."

"Na hii yote nani alikuwa anafanya?"

"Mzee Gaspard wa stoo."

"Yule mzee? Na hapigi kelele?"

"Umewahi kumsikia?"

Moses akajipangusa mikono, akachukua simu yake, akaiweka mbali na macho kama wafanyavyo watu wasiotaka kununua miwani, akabonyeza Rudisha. "Imeenda. Mpe mzee tathmini yake na friji lake. Lakini vitunguu sijasamehe."

Kumbuka jambo hilo ukiwa unagawa watu kwenye makundi. Ruhusa na mzigo vinasafiri pamoja, na mtu aliyeingizwa kimakosa huona ruhusa kwanza.

Nikarudi ofisini kuona tathmini imetua wapi. Haikuwa imetua. Ilikuwa inazunguka ikimtafuta mkuu wa jengo lile, na jengo halikuwa na mkuu. Nikatafuta jina la Gaspard kwenye kundi la Wakuu. Halikuwepo, tangu Jumamosi. Wenzake wote walikuja kunipigia meza na nikawarudisha. Yeye hakuja, na mkutanoni hakuna aliyemkosa, maana Jumatatu mara nyingi huwa anapokea mizigo.

Ijumaa asubuhi nikaenda stoo. Vestine alikuwa anahesabu magunia ya mchele. Gaspard alikuwa mezani kwake anaweka vitu kwenye katoni: kikombe, redio, kalenda ya parokia, kandambili.

"Mzee Gaspard, unahama?"

"Madame, mimi si mtoto. Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Jumatatu sikualikwa. Maombi ya likizo hayafiki kwangu. Simu ya friji iko kimya. Mtu akitolewa kwenye kundi, hana haja ya kungoja barua." Alisema kwa utulivu, akikunja waya wa redio. "Mtaleta tu kijana mahali pangu. Ni sawa. Nilitaka stoo aikute safi."

"Hakuna aliyekutoa."

"Nimetoka mwenyewe?"

"Umetolewa na kanuni."

Akanitazama kwa huruma. "Siku hizi ndivyo mnavyosema?"

Nikamwambia habari ya tathmini ya Vestine, kwamba inahitaji mkuu wake na mwisho ni leo jioni. Akatikisa kichwa. Kumbe Jumanne alijaribu kuingia, akaandikiwa kwamba hana ruhusa, na Vestine alikuwa amesimama nyuma yake. "Siwezi kugonga mlango ule mara ya pili, Madame. Siyo mbele ya mtu niliyemfundisha kazi. Nitamharibia yeye pia. Tathmini ya mtu aliyefukuzwa ina faida gani?"

Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu. Nikaisogeza katoni, nikaiweka mezani, nikafungua ile kanuni iliyozimwa na kuisoma kwa sauti, kama nilivyofundishwa. "Yeyote ambaye cheo chake kinaanza na neno Chef, aingie kundi la Wakuu."

"Ndiyo. Chef de dépôt. Ni mimi."

"Ilikuwa wewe. Sasa soma cheo chako cha leo."

Akavaa miwani. Akasoma polepole, "Head of Stores." Akafikiri. "Head si kichwa?"

"Ni mkuu pia, kwa Kiingereza."

"Na Moses wanamwitaje?"

"Chef."

Hakucheka mara moja. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma tena. Kicheko kilianzia mabegani.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa Chef," akasema. "Wakanipa kichwa, ndipo nikapotea."

"Ndiyo, mzee."

"Na Moses amekuwa mkuu kwa Kifaransa, yeye ambaye Kifaransa hajui hata bonjour."

"Kwa wiki nzima."

Akacheka mpaka Vestine akasimamisha hesabu. Nikamwingiza kwenye kundi kwa mkono palepale, mbele ya macho yake, na nikaandika sababu na siku ya mwisho, kwamba nafasi hii ni ya muda mpaka kanuni mpya iwashwe. Fanya hivyo na wewe kila ukimweka mtu kwa mkono. Usipoandika sababu, mtu atakayekufuata atamkuta mle ndani na ataogopa kumtoa.

Tathmini ikatua. Gaspard akaijaza kwa vidole viwili, na kila alama aliitafakari kama anachagua mbuzi. Uaminifu, tano. Kuwahi kazini, tano. Alipofika kwenye ushirikiano na idara nyingine akasimama. Akachukua simu, akapiga jikoni.

"Chef," akasema Gaspard.

"Ndiyo, Chef!" Sauti ya Moses ilijaa stoo nzima.

"Vestine na jiko lako. Niambie ukweli."

"Mgumu, mzee. Mgumu kabisa. Hata chumvi anapima!"

Gaspard akashukuru, akaweka simu chini. Nyuma ya magunia Vestine alikuwa anarudia kuhesabu mchele ule ule. Kisha akainama kwenye kompyuta na kuandika kwenye nafasi ya maoni, akisema kila neno kwa sauti huku anachapa: "Anapima hata chumvi. Napendekeza athibitishwe kazini." Akabonyeza Tuma, akasubiri mpaka mfumo uliposema imepokelewa, akasubiri tena kidogo kwa usalama.

"Vestine," akaita. "Huo mchele umeuhesabu mara ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Basi anza upya. Na mtu anisaidie na hii katoni, redio yangu irudi mahali pake."

Vestine alithibitishwa. Bado yuko pale, na Moses bado anatafuta kalamu. Kanuni ya daraja iliwashwa baadaye, na inafanya kazi mpaka sasa bila kujali mtu anaitwa nani kwa lugha gani.

Lakini siku ile, kabla sijatoka stoo, nilimuuliza Gaspard kwa nini hakuja kuniuliza. Ofisi yangu iko ng'ambo ya uwanja tu. Aliangalia mlango, akaniambia, "Ningeuliza nani, Madame? Mtu haendi kuuliza kama amefukuzwa."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitu chochote nilichosoma kuhusu mifumo. Wiki ile nzima nilishughulika na waliokuwa na kelele. Walioingia kimakosa walionekana, walikuwa na kofia nyeupe na keki. Waliotoka wakiwa na sauti walipiga meza. Aliyetoka kimya alikuwa anakunja waya wa redio, na pamoja naye msichana mmoja alikuwa karibu kupoteza kazi, na hakuna taa yoyote kwenye skrini yangu iliyowaka.

Hapa kwetu wengi ni kama Gaspard. Kwa hiyo fanya hivi. Ukishaandika kanuni yako, usiiwashe. Bonyeza kwanza sehemu ya kujaribu, na usiangalie majina ya watakaoingia, hao watajitokeza wenyewe. Fungua majina ya watakaotoka. Yaandike kwenye karatasi, inuka, nenda kwa kila mmoja mahali anapofanyia kazi, mweleze kwa mdomo wako ni kanuni gani inabadilika na kwa nini, na muulize kama anastahili kubaki. Ukirudi, rekebisha panapohitaji, halafu washa.